Mashine Yangu na Mbwa wa Mzee

Kwa wale mlioniuliza kama nimehamia Ulaya: la, nipo Nairobi, na foleni ya Thika Road ni ile ile. Nilikwenda Italia kikazi kwa majuma matatu, Novemba 2023, nikarudi. Kazi yenyewe haina utamu wa kusimulia. Lakini kuna usiku mmoja ambao nimejaribu kuuandika mara nyingi, naandika, nafuta, naanza upya. Leo nauweka hapa jinsi ulivyokuwa.

Kwanza niseme ninachofanya, la sivyo hadithi haitaeleweka. Mimi natengeneza pua.

Msicheke. Pua ya kielektroniki ni kisanduku chenye vihisi vya gesi. Vyangu ni vile vya bei rahisi, vya oksidi ya bati. Kila kihisi hupashwa moto hadi nyuzi mia kadhaa, na gesi fulani zikikigusa, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kihisi kimoja peke yake ni kijinga, hakitofautishi pombe na moshi. Lakini ukiviweka vinane pamoja, kila kimoja na tabia yake, unapata namba nane kwa kila harufu, na hapo ndipo programu yangu inapoingia. Unaipa mifano mingi mpaka ijifunze kusema: haya ni mahindi mazuri, haya yana kuvu.

Kwa nini mahindi? Mwaka 2004, nikiwa darasa la tatu, watu 317 waliugua Ukambani na kwingineko mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Watu 125 walikufa. Sumu hiyo haina harufu. Tunachonusa ni ile kuvu inayoitengeneza, na hata hiyo si kila mara. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa, mwenzangu mmoja wa Torino, siku ya pili tu ya kufika kwangu, alikiangalia kisanduku akasema: "Jirani ya mama yangu huko Langhe anatafuta tartufo. Twende nacho tukamshindanishe na mbwa." Alisema kwa utani. Mimi nililichukulia kwa dhati, maana ujana una mambo yake.

Tusimame kidogo kwa ajili ya hilo jina. Kiswahili hakijaipa tartufo jina lake, nami sina hamu ya kubuni neno la kamusi, kwa hiyo nitasema kama Waitaliano. Ni jamii ya uyoga, ila hukaa chini ya ardhi, sentimita chache tu au zaidi ya shubiri, imeshikamana na mizizi ya mwaloni, mpopla au mwerebi. Mti unaipa sukari, nayo inaupa mti maji na madini. Kwa sura ni kama kiazi kilichokanyagwa. Wasomaji wa Pwani wenye kusoma Hadithi mnaijua binamu yake wa jangwani, kamaa, ile ambayo Waarabu huichimba baada ya mvua.

Uyoga wa kawaida huchomoza juu na kuachia mbegu zake zipeperushwe na upepo. Tartufo iko gizani, haina upepo. Kwa hiyo inapoiva hutoa harufu kali ili mnyama aifukue, aile, akazipeleke mbegu mbali tumboni mwake. Harufu ile ni tangazo, na ambayo haijaiva haitangazi chochote. Ndiyo maana ukichimba ovyo kwa jembe unaharibu changa na kubahatisha mbivu, ilhali mwenye pua huchimba mbivu peke yake. Hapo zamani walitumia nguruwe, lakini nguruwe jike anaipenda tartufo kuliko anavyompenda mwenye nguruwe, na kumpokonya mnyama wa uzito ule ni hatari kwa vidole. Sheria ya Italia nambari 752 ya mwaka 1985 inataka mtafutaji afanye mtihani, awe na kibali, atumie mbwa aliyefunzwa, na kila shimo alilochimba alifukie. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka elimu hii ya Waitaliano katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Tartufo nyeupe, ile ghali kuliko zote, ina kemikali moja ya salfa inayobeba sehemu kubwa ya harufu yake: bis(metilthio)methani. Viwanda huitengeneza hiyo hiyo na kuitia kwenye mafuta ya kula, kisha chupa inachorwa picha ya msitu. Mwenzangu alinunua chupa moja dukani. Jioni mbili mfululizo nikaifunza mashine yangu pale mezani: kijiko cha udongo mtupu, kijiko cha udongo wenye tone la mafuta. Ikapata 48 kati ya 50. Nililala nikitabasamu.

Tulifika kwa mzee saa nane usiku. Langhe ni vilima vya mizabibu kusini mwa mji wa Alba (ndiko inakotoka Nutella, kama hukujua), na mwezi wa Novemba ukungu hulala mabondeni mzito kama uji. Watafutaji wa kule, wanaojiita trifolao, hupenda kutoka usiku. Mbwa hapati vishawishi vingi, na jirani haoni umeelekea wapi. Hili la pili ndilo kubwa.

Mzee alitupa kahawa iliyotiwa grappa, mwenzangu akiwa mkalimani. Mimi niliomba kahawa tupu. Kisha akanyoosha mkono: simu. Zizimwe, ziachwe kwenye droo ya meza yake. Nikamweleza kwamba kule bondeni hakuna hata mtandao. Akauliza, "Na ramani? Ramani inahitaji mtandao kujua uko wapi?" Nikanyamaza. GPS haihitaji mtandao. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na mzee ambaye simu yake ni ya vibonye alinishinda kabla sijamaliza kahawa. Kumbukumbu zake mwenyewe ziko kwenye daftari la shule: tarehe, mwezi ulivyokuwa, mti upi, gramu ngapi. La kwanza ni la baba yake. Alinionyesha ganda tu.

Halafu mbwa akaletwa. Hapa lazima nikiri jambo. Nilipokuwa na miaka saba mbwa wa jirani aliniuma pajani, nikadungwa zile sindano za kichaa cha mbwa, na tangu hapo nikiona kibao cha "Mbwa Kali" navuka barabara hata kama lango limefungwa. Huyu alikuwa mdogo, mweupe wenye mabaka ya kahawia, wa mchanganyiko. Kule Romagna wanao lagotto, mbwa wa manyoya ya mviringo ambao kwanza walikuwa wa kuokota ndege vinamasini, na vinamasi vilipokaushwa wakahamishiwa tartufo. Mzee hajali nasaba. Jina la mbwa lilikuwa Birba, yaani mtundu. Mdomoni alikuwa amevikwa kijikapu cha waya asiweze kuuma. Nikamshukuru mzee moyoni, nikidhani amemvisha kwa ajili yangu.

Tulikwenda kwa Fiat Panda kuukuu, tukizunguka zunguka kiasi kwamba hata ungenilipa nisingekuonyesha njia. Tukashuka. Nikawasha kisanduku changu.

Niseme ukweli wa kitaalamu bila kuuremba. Vihisi vya oksidi ya bati havipendi unyevu, na pale hewa yenyewe ilikuwa maji. Chini kulikuwa na majani yaliyooza, na kila jani linatoa gesi zake. Namba zote nane zilipanda pamoja zikagoma kushuka. Mashine ikatangaza tartufo chini ya mwaloni, ikatangaza tartufo juu ya jiwe, ikatangaza tartufo kwenye koti langu. Mara moja tu ilipiga asilimia 100. Mzee alikuwa ameinama kuitazama kwa karibu, akaipumulia, na grappa ikafanya kazi yake. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Mzee hakucheka. Aliipiga piga mgongoni kama mtu anayemliwaza mtoto, akanirudishia.

Birba alikuwa ameshaondoka. Hatembei, anafuma. Kushoto, kulia, pua chini, hatua za haraka, hata hukusikii kumwita. Ghafla alipita mahali, akaenda hatua tatu mbele, akageuka kana kwamba ameitwa. Mkia wake, uliokuwa ukipepea kivivu, ukaanza kwenda mbio. Akachimba. Mzee, ambaye dakika moja kabla alikuwa akilalamikia magoti, alikimbia kama mwizi. "Piano, piano!" Polepole. Akamshika kifuani, akapiga goti kando yake, wakawa vichwa viwili juu ya shimo moja. Mzee akachota udongo kiganjani akaunusa. Akachimba kidogo kwa kijembe chembamba. Akaunusa tena. Kisha akaacha chuma kabisa akamalizia kwa kidole kimoja, maana tartufo iliyokatwa bei yake huanguka.

Ilikuwa ndogo kama ndimu. Alinipa niinuse kabla ya kitu kingine chochote. Nilitegemea harufu ya ile chupa. Ndiyo, ilikuwamo, lakini kama vile sauti ya mtu mmoja ilivyomo ndani ya soko: kulikuwa na kitunguu saumu, asali, udongo baada ya mvua, na kitu kingine kama mvuke wa gesi ya kupikia. Nilikuwa nimeifunza mashine yangu neno moja, kisha nikaipeleka kusikiliza lugha nzima.

Birba akapata kipande chake cha biskuti, kilichopenyezwa katikati ya waya. Shimo likafukiwa, majani yakarudishwa, mzee akayakanyaga taratibu mpaka hata mimi niliyekuwa pale nisingejua ni wapi.

Kwa saa moja hivi tukapata nyingine mbili ndogo. Halafu likatokea jambo ambalo watu wa kutengeneza programu mtalifurahia. Birba akasimama chini ya mpopla, akachimba kwa bidii, mkia mbio. Mimi nikakimbilia. Mzee alibaki alipokuwa, mikono mfukoni. "Muongo huyo," akasema. "Anataka biskuti." Na kweli, Birba akaacha kuchimba, akamtazama mzee, akatazama mfuko wa biskuti, akajikuna. Sisi tunaofunza mashine kwa zawadi tunaijua tabia hiyo: ukilipa ishara badala ya kitu chenyewe, utaletewa ishara. Nikamuuliza mzee alijuaje. Alifikiri kidogo akasema, mkia ulikuwa wa kweli lakini masikio yalikuwa yananisikiliza mimi. Akipata kitu hasa, hanisikilizi.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, nalo halikuwa la unyevu. Nilikuwa nimekuja kumlinganisha kisanduku na mbwa, pua kwa pua, huku kila mmoja akijua kwamba mbwa ana vipokezi vya harufu mamilioni mengi kuliko sisi. Lakini kilichokuwa kikifanya kazi pale hakikuwa pua peke yake. Mmoja ananusa, mwingine anamsoma anayenusa. Nusu ya mtambo ni mzee, na miaka aliyomtazama mbwa huyu na mama yake.

Kwenye kijito tulichofika baadaye, mzee alimwita Birba akamfunga kamba. Hakumwachia. Tukapita kando ya maji polepole, yeye akimweka mbwa mguuni, mpaka tukavuka. Nikauliza, kwa nini hapa hatafuti? Mahali palionekana pazuri, mierebi mitupu.

Mwenzangu alizungumza naye kwanza bila kunitafsiria. Kisha akaniambia.

Birba hakusomea popote. Upo mji mdogo hapo karibu, Roddi, wenye shule ya mbwa wa tartufo tangu mwaka 1880, nao huiita chuo kikuu, lakini Birba alifundishwa na mama yake kwa kumfuata msituni. Mama aliitwa Stella. Novemba 2022, baada ya kiangazi kikavu mno, tartufo zilikuwa adimu na bei ilikuwa juu. Kwenye kijito kile Stella aliokota kitu akameza kabla mzee hajamfikia. Kidonge cha nyama. Alianza kutetemeka kabla hawajafika kwenye gari. Daktari wa mifugo alikuwa mbali, na hata angekuwa karibu, mzee alisema, mwili ulikuwa umeshakakamaa kama ubao. Alimzika Stella nyuma ya nyumba akiwa bado amevaa kengele yake.

Mtu aliyetega ile nyama hakujulikana. Sababu yake inajulikana. Msitu ule hauna ua, na kila mwenye kibali ana haki ya kutafuta. Mwaka 2007 Stanley Ho, tajiri wa makasino wa Macau, alilipa dola 330,000 kwa tartufo moja ya kilo moja na nusu. Bei ya kila siku haifikii hata sehemu ndogo ya hiyo, lakini kila mmoja amesikia habari ile, na njia rahisi ya kupunguza washindani ni kupunguza mbwa wao. Vyambo vya sumu ni balaa la miaka mingi katika misitu ya tartufo ya Italia.

Kijikapu cha waya, basi, hakikuwa kwa ajili yangu.

Tuliposimama kupumzika, mzee alikiomba kisanduku. Akakigeuza geuza chini ya tochi. Akauliza swali, na nilimwona mwenzangu akisita kulitafsiri.

"Anauliza, kinaweza kunusa sumu?"

Kisha mzee akaongeza, na hili nililielewa kwa mikono yake kabla ya tafsiri: kitangulie mbele, mbwa afuate nyuma. Kikikosea, utakitia betri nyingine.

Wasomaji, mimi nilijua jibu. Nilikuwa nalijua kwa miaka miwili ya kazi. Sumu inayotiwa kwenye nyama kwa kawaida haina harufu ambayo vihisi vyangu vinaweza kuishika, kama vile aflatoksini isivyo nayo. Kingenusa nyama, labda, ikiwa imeoza vya kutosha, na siku kavu, na kwa umbali wa kiganja. Mbwa angekuwa ameshaimeza. Na nilikuwa nimetoka kuona kisanduku kile kikilitaja koti langu kuwa tartufo.

Nikasema, "Labda. Kwa kazi kidogo."

Sijui kwa nini. Au najua: mzee alikuwa amenipa kahawa, msitu wake na siri zake, nami sikuwa na kitu cha kumpa. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akanirudishia kisanduku kwa mikono miwili.

Tulirudi kabla ya jua. Alinipa ile tartufo ya kwanza, nikakataa, akanitia mfukoni. Kwenye treni ya kurudi Torino abiria watatu walihama kiti.

Niliporudi Nairobi nilitafuta njia ya kuifanya ile "labda" iwe kweli. Nilisoma usiku mwingi. Nilichokuta ni kwamba Italia inao tayari wanaonusa vyambo vya sumu msituni: Carabinieri wa misitu wana vikosi maalum vya kazi hiyo. Na wanatumia nini? Mbwa. Mbwa waliofunzwa kukaa chini wanapokipata, wasikiguse, na mtu aliyefunzwa kuwasoma.

Januari nikamwandikia mzee kupitia mwenzangu. Nilisema kwamba mashine yangu haiwezi, kwamba nilijua haiwezi usiku ule, na kwamba naomba radhi. Nikataja vile vikosi.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi, fupi. Vikosi anavijua, walikuja baada ya Stella, wakapata vidonge viwili zaidi chini ya mwerebi. Kuhusu mashine, alishajua. Alikuwa akiyatazama masikio yangu.

Mwezi Mei mwenzangu alinitumia picha. Birba amezaa, watoto watatu, wamepangwa juu ya ngazi ya mlango wa jikoni. Bado wadogo mno kufunzwa tartufo. Hiyo huanza baadaye, kwa mchezo, kipande kikifichwa ndani ya kitambaa. Lakini kila mmoja amevikwa kijikapu cha plastiki mdomoni, kidogo kama kikombe cha kahawa. Wawili wametulia. Wa tatu amejilaza chali, anapigana nacho kwa miguu yote minne.